Bahari iko mlangoni, karantini ya samaki iko wapi?

Muulize mtu yeyote mwenye tangi la maji ya chumvi hapa Unguja, wa nyumbani au wa hoteli, samaki wapya anawaweka wapi kwanza. Jawabu utakalopewa ni hili: "Waende wapi tena, bwana? Hawa wametoka hapo hapo baharini, wazima." Mimi sikubaliani nalo hata kidogo. Naona hakuna pahala rahisi pa kumuweka samaki karantini kuliko visiwa hivi, na kwa hivyo sisi ndio wenye udhuru mdogo kuliko wote.

Tuanze na huo uzima. Samaki wa mwambani anaweza kuishi miaka na vijidudu vyake viwili vitatu asidhurike, kwa sababu bahari ni pana na vinavyozaliwa vingi hupotea kabla ya kumpata samaki mwengine. Mtie samaki yule yule kwenye lita 400 za maji, mambo yanageuka. Kijidudu kinachotutesa zaidi ni kile cha madoa meupe, Cryptocaryon irritans kwa jina la kitaalamu. Hujichimbia chini ya ngozi na kwenye mashavu anayopumulia samaki, kikala kwa siku tatu mpaka saba. Kisha hudondoka, aghlabu usiku, kikajifungia kwenye kifuko kigumu juu ya jiwe au mchangani. Ndani ya kifuko kinajigawa, na kinapopasuka hutoka watoto kwa mamia, kila mmoja akiwa na siku moja au mbili tu za kumtafuta samaki. Asipompata, hufa.

Tabia hiyo ndiyo inayowahadaa watu. Samaki anaonekana na madoa kama chembe za chumvi, anajikuna kwenye mawe, anahema mbio. Baada ya siku chache madoa yote yameondoka. Mwenye tangi anashukuru Mungu, pengine na kumsifu aliyemshauri atie kitunguu thomu kwenye chakula, na mambo yanaishia hapo. Kumbe madoa hayakupona, yamehamia chini. Zinapopita wiki mbili tatu yanarudi, safari hii si kwa samaki mmoja. Na usidhani kungoja peke yake kunatosha, maana watafiti walishaona vifuko vilivyokaa hadi siku 72 ndipo vikapasuka.

Aliyewahi kumfuga kangaja wa buluu, yule mwenye uso mweusi na pezi la manjano mgongoni, anajua ninachosema. Ni samaki mzuri mno, na miamba yetu inaye. Pia ni katika samaki wepesi kabisa kushikwa na madoa. Wenye hoteli humtaka yeye kwanza.

Sasa kwa nini nasema kwetu ni rahisi? Kuna njia ya kumsafisha samaki na madoa haya bila dawa yoyote: unamhamisha. Kijidudu kikishadondoka kinahitaji siku tatu au zaidi ndani ya kifuko kabla ya kutoa watoto. Basi kila baada ya siku tatu, bila kupitisha saa 72, samaki anahamishiwa chombo chengine safi chenye maji mapya. Vifuko vinabaki kule alikotoka. Ukimhamisha mara nne mfululizo, vilivyokuwa mwilini vimeshadondoka vyote na hakuna kilichowahi kumrudia. Wafugaji wa Ulaya na Marekani wanaijua njia hii na wengi wanaikimbia, kwa sababu kila uhamisho ni kumwaga maji ya chumvi waliyoyatengeneza kwa chumvi ya kununua. Sisi chumvi tunainunua wapi? Tunashuka pwani na ndoo.

Vyombo vyenyewe ni mabeseni mawili makubwa ya plastiki, ya lita 60 mpaka 100, ambayo hayajawahi kuona sabuni. Usitie mchanga wala jiwe. Tia vipande vya bomba la plastiki la mafundi wa maji ili samaki apate pa kujificha, pampu ndogo ya hewa yenye jiwe lake la kutoa mapovu, na funika juu kwa kipande cha chandarua kwani samaki mgeni huruka. Beseni lililoachwa limwagwe, lioshwe kwa maji matamu pamoja na mabomba na jiwe la hewa, vyote vianikwe juani mpaka vikauke kabisa. Kifuko kikikauka kimekufa. Kwa kuwa maji ni mapya kila siku ya tatu, uchafu wa samaki nao haupati muda wa kumdhuru, ilimradi usimshindilie chakula.

Kangaja msimkamate kwa wavu. Ana mwiba kama kisu kidogo kila upande wa mkia, unanasa kwenye nyuzi na samaki anachanika akijinasua. Mchoteni kwa bakuli, maji yake mengi myamwage, ndipo aingie upande wa pili.

Kwenye maji watu wanafanya haraka. Maji ya chumvi si yote sawa. Yachotwe yakiwa yamejaa, mbali na bandari ya Malindi na mifereji ya mji, na si asubuhi ya mvua kubwa ya masika, wakati maji ya pwani yamechanganyika na ya mvua. Kipima chumvi kioneshe 35 kwa elfu au karibu na hapo. Yachuje kwa kitambaa kisha yaache siku mbili kwenye pipa lililofunikwa, ili chochote kilichomo kinachomtafuta samaki kife njaa. Mengine yaliyobaki ni kuangalia maji ya beseni jipya yasipishane joto na ya zamani.

Umeme ukikatika, pampu inayotumia betri inatosha. Wanaokumbuka mwezi mzima wa giza mwaka 2008, na ile miezi mitatu ya kuanzia Disemba 2009, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Njia hii haitibu kila kitu. Ule ugonjwa wa vumbi laini la rangi ya dhahabu, Amyloodinium, unaenda mbio zaidi na unaweza kumaliza tangi zima kwa siku chache. Huo unataka shaba, na hapa nina ugomvi na wanaonyunyiza mrututu kwa kukisia. Ndiyo, mrututu ni shaba na unaua vijidudu. Lakini kipimo kinachotakiwa ni miligramu 0.15 hadi 0.20 za shaba kwa lita, kikipungua hakifai kitu na kikizidi kinaua samaki. Mtu asiye na kipimio cha shaba asiuguse. Na usiingie tangi kubwa abadan, maana kaa, kamba na matumbawe hawaustahimili, na mawe ya chokaa yanaunyonya.

Baada ya uhamisho wa nne samaki akae pembeni wiki nne nyengine akitazamwa tu, akizoeshwa kula. Hakuna ajabu katika hilo. Jengo la kisiwa cha Changuu lililojengwa kuwa gereza katika miaka ya 1890 liliishia kuwa karantini ya wasafiri wa meli, na wasafiri wakingoja.

Kwa mwenye hoteli ambaye maradhi yameshamuingilia: toa samaki wote, uwatibu kwenye mabeseni, tangi kubwa liache na mawe yake na kaa wake kwa siku 76. Wageni wataona mawe. Kuna wanaoona bora wawarudishe samaki baharini wakaponee huko. La. Tangi lenye samaki walioagizwa kutoka bahari nyengine linaweza kuwa na vitu ambavyo mwamba wetu haujawahi kuviona, na maji yake yasimwagwe pwani pia. Tia klorini kwanza, kisha yamwage bustanini mbali na mnazi wa jirani.