Mwanaume mwenye uvimbe kifuani achukuliwe kipande cha nyama kipimwe

Kila ifikapo Oktoba, matangazo ya uchunguzi wa saratani ya matiti husikika Moshi mjini na vijijini, na karibu yote huwaita akina mama peke yao. Sipingi hilo, kwani wao ndio wanaougua kwa wingi. Kati ya wagonjwa 100 wa saratani hii duniani, mwanaume huwa mmoja tu au pungufu. Kinachoniuma ni kwamba uchache huo umetufanya tusahau kabisa kifua cha mwanaume, kiasi kwamba akifika zahanati na uvimbe chini ya chuchu huambiwa ni jipu, au aliumia shambani, akarudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu.

Uvimbe wenyewe kwa kawaida ni mgumu, hauumi, uko upande mmoja, nyuma ya chuchu au kando yake kidogo. Chuchu huweza kuvutwa ndani, ngozi ikatoka kidonda kisichopona, au damu ikachuruzika. Mathew Knowles, baba wa mwimbaji Beyoncé, alieleza mwaka 2019 kwamba alianza kuona vitone vya damu kwenye shati lake, akaenda kupigwa mamografia, yaani picha ya eksirei ya titi, na kukutwa na saratani. Mzee wa Kibosho au wa Usa River akiona kitone kama hicho, naamini atafua shati na kuendelea na kazi, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba ana titi linaloweza kuugua. Isitoshe, titi la mwanaume lina nyama kidogo, kwa hiyo saratani haichelewi kuifikia ngozi na misuli ya kifua.

Ni kweli kwamba si kila titi lililovimba ni saratani. Wanaume wengi huota matiti kwa sababu ya homoni, umri, ini lililoharibika kwa pombe, au dawa kama spironolaktoni, inayopunguza maji mwilini, na efavirenzi, ambayo ilitumika kwa miaka mingi katika tiba ya VVU. Uvimbe wa namna hiyo mara nyingi huwa laini kama mpira, huizunguka chuchu sawasawa na huenda ukawa pande zote mbili. Lakini tofauti hiyo huonekana kwa kupapasa, nasi tuna wahudumu wanaoandika dawa mgonjwa akiwa bado amefunga vifungo vya shati. Avue shati, ainue mikono, vidole vipite taratibu chini ya chuchu, kisha kwapani, pande zote mbili. Kazi hiyo haihitaji mashine wala umeme, na kwa maoni yangu kuiacha ni uzembe.

Baada ya kupapasa hufuata mamografia, ambayo mwanaume hupigwa bila tatizo, na altrasaundi ya titi na kwapa. Hata hivyo, picha haitoi jibu la mwisho. Jibu hutoka kwenye kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe, kinachochukuliwa kwa sindano nene na kusomwa kwa hadubini. Hospitali isiyoweza kukichukua iandike rufaa siku hiyohiyo, maana hospitali ya rufaa ya KCMC ipo hapa hapa Moshi na ina kituo cha saratani. Kinyama hicho kipimwe pia vipokezi vya homoni, yaani sehemu za seli za saratani zinazopokea homoni, kwa kuwa takriban 9 kati ya saratani 10 za matiti ya wanaume huwa navyo, na mgonjwa wa aina hiyo hufaidika na tamoksifeni, dawa inayozuia homoni hiyo, vidonge vilevile wanavyotumia akina mama. Kuanza matibabu bila kipimo hicho ni kumnyima mgonjwa tiba ambayo ingemfaa.

Suala hili halimhusu mgonjwa peke yake. Baadhi ya wanaume hawa wamerithi hitilafu katika BRCA2, jeni (chembe ya urithi) ambayo ikiharibika huongeza hatari ya saratani hii, kama ilivyokuwa kwa Knowles, na kila mtoto wao, wa kike au wa kiume, ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi. Ndiyo maana daktari anayempa baba majibu yake anapaswa kumuuliza habari za mama yake, dada zake na shangazi zake, kisha amshauri awaeleze mabinti zake ugonjwa alionao, hata kama kwa mila zetu ni vigumu baba kuzungumzia titi lake mbele ya binti.