Logi ifundishwe kwa namba za sensa, majedwali peke yake hayatoshi

Mwaka 1967 Tanzania tulihesabiwa tukawa milioni 12.3. Sensa ya 1978 ikatoa milioni 17.5, ya 1988 milioni 23.1, ya 2002 milioni 34.4, ya 2012 milioni 44.9, na hii ya juzi ya 2022 milioni 61.7. Namba sita tu, ziko wazi kwa kila mtu, na mimi naamini kabisa hizo sita zinaweza kumuelewesha mtoto wa kidato cha pili logi ni kitu gani kuliko mwezi mzima wa kumkaririsha kanuni.

Maana tuseme ukweli jamani, logi tunaifundisha vibaya. Mtoto anaambiwa logi ya 2 ni 0.3010 (yaani 10 ukiipa kipeo cha 0.3010 unapata 2), logi ya 3 ni 0.4771, haya tafuta logi ya 72, anazidisha anajumlisha anapata 1.8572, anawekewa vema, mada imeisha. Muulize hiyo 1.8572 inakwambia nini, kimya. Na akili anazo, ila hajawahi kuoneshwa kitu chochote hapa duniani kinachoihitaji hiyo namba. Yale majedwali ya tarakimu nne yalikuwa ya kumrahisishia mtu kuzidisha namba kubwa enzi hakuna kalkuleta, leo kalkuleta imo hadi kwenye simu ya kitochi, kwa hiyo ile sababu ya zamani imeshakufa na sisi walimu hatujampa mtoto sababu mpya.

Sasa rudi kwenye sensa. Mwambie achore grafu ya kawaida kwanza, miaka chini, watu pembeni. Mstari utapinda kwenda juu, kila ukisogea unazidi kusimama. Halafu muulize, ni lini tuliongezeka kwa kasi zaidi? Darasa karibu lote litakwambia 2012 hadi 2022, na sababu wanayo, maana hapo tumeongezeka milioni 16.8 wakati 1978 hadi 1988 tuliongezeka milioni 5.6 tu, yaani mara tatu. Hapo ndo pa kukaa, usiharakishe. Wape kalkuleta watafute asilimia kwa mwaka. Ile 1978 hadi 1988 inakuja kama 2.8, na 2012 hadi 2022 inakuja 3.2, tena wakirudi nyuma zaidi 1967 hadi 1978 wanakuta 3.2 ile ile. Kwa hiyo kasi ya juzi na kasi ya enzi za babu zao ni moja, tofauti ni kwamba safari hii wazazi wenyewe ndo wamekuwa wengi. Waoneshe na hii: 1978 hadi 2002 ni miaka 24, tukatoka milioni 17.5 tukafika 34.4, karibu mara mbili. 1988 hadi 2012 ni miaka 24 tena, tukatoka 23.1 tukafika 44.9, karibu mara mbili tena. Kitu kinachojirudufu kila baada ya muda ule ule ndo ukuaji wa kipeo, na mtoto ameukuta mwenyewe kwenye namba za nchi yake kabla hujaandika fomula yoyote ubaoni.

Baada ya hapo sasa ndo majedwali yatoke kwenye begi. Watafute logi za zile milioni, watapata 1.09, 1.24, 1.36, 1.54, 1.65 na 1.79. Wachore hizo badala ya watu wenyewe, kwenye karatasi ile ile ya grafu ya kawaida, hakuna haja ya kutafuta karatasi maalum ambayo hata mjini huipati. Halafu waweke rula. Ule mstari uliokuwa umepinda sasa umenyooka, sio kama uzi lakini karibu sana, na mwinuko wa mstari ndo kasi yenyewe ya kuongezeka, ukiwa mkali tunaongezeka haraka, ukilala tunapunguza mwendo. Mtoto akishaliona hilo kwa macho yake humfundishi tena kwamba logi inageuza kuzidisha kuwe kujumlisha, kashalishika.

Kuna swali litaulizwa hapo, na mwalimu aliombee liulizwe: mwalimu, mbona kwenye huu mhimili wa logi hakuna mahali pa kuweka watu sifuri? Usilipite hata kama kengele imekaribia. Kwenye rula ya kawaida kila hatua unajumlisha, kwenye kipimo cha logi kila hatua unazidisha, kutoka 1 unaenda 10, 100, 1000, na ukirudi chini unakuta 0.1, 0.01, 0.001, unaweza kushuka maisha yako yote sifuri usiifikie. Anayeelewa hapo ataelewa pia kwa nini tetemeko la Bukoba la Septemba 2016 lenye ukubwa wa 5.9 huwezi kuliweka jirani na lile la Uturuki la Februari 2023 la 7.8. Kwa kuangalia tu unasema tofauti ni 1.9, ndogo. Lakini kipimo cha matetemeko nacho ni cha logi, kila hatua moja ni nishati kama mara 32, kwa hiyo la Uturuki lilitoa nishati karibu mara 700 ya lile lililobomoa nyumba Bukoba.

Utamu wenyewe hasa uko ukileta majirani. Kenya 1969 walikuwa milioni 10.9, 1979 milioni 15.3, 1989 milioni 21.4, 1999 milioni 28.7, 2009 milioni 38.6, 2019 milioni 47.6. Chora kawaida uishie 2009, utaona mstari unapanda tu, kila muongo wanaongezeka wengi kuliko muongo uliopita, hakuna dalili ya kupoa. Chora kwa logi sasa: muongo wa kwanza logi inapanda kama 0.15, wa pili 0.15, wa tatu 0.13, wa nne 0.13, wa mwisho 0.09. Yaani mstari wa Kenya ulishaanza kulala tangu miaka ya tisini na grafu ya kawaida ilikuwa inatuficha muda wote huo! Mwishoni mwa miaka ya sabini mwanamke wa Kenya alikuwa anazaa wastani wa watoto 8, kufika 2022 ni 3.4, wakati kwetu mwaka huo huo ni 4.8. Kwa hiyo kipindi cha hesabu kinaingia jiografia, kinaingia uraia, na darasa litabishana, mimi nasema waache wabishane.

Ila nisieleweke vibaya, sisemi grafu ya logi ndo ya kweli na nyingine ni ya uongo. Ofisa anayepanga madarasa na madawati akitazama grafu ya logi ataona mstari umenyooka vizuri atalala usingizi, kumbe wale milioni 16.8 ni watu kamili wanaohitaji dawati, kitanda hospitali na maji. Logi inaonesha kasi, ya kawaida inaonesha mzigo. Mtoto ajue kusoma zote mbili na ajue kuuliza aliyechora kwa nini kachagua hii akaacha ile.

Na kuna hela za watu humu, ndo maana hili jambo linaniuma. Chukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa mtaani, wa laki moja, tuseme riba ni asilimia 20 kwa mwezi na ukishindwa kulipa riba inaingizwa kwenye deni. Mtu aliyefundishwa kujumlisha tu atapiga 20 mara 12 aseme mwisho wa mwaka nadaiwa laki tatu na elfu arobaini. Deni halisi ni karibu laki tisa, na mwezi wa nne ulipoisha lilikuwa limeshapita mara mbili.

Upatu wa mtandao, ule ambao hela yako inatoka kwa watu unaowaingiza, nao ni hivyo hivyo. Watu wengi tu walipoteza fedha kwenye DECI, ule mchezo wa "kupanda mbegu" yaani kutoa hela ukiahidiwa kuvuna zaidi, ulivyosimamishwa 2009, na tangu hapo mingine imekuja na majina mapya. Wape wanafunzi hesabu hii: mtu mmoja aingize watano, kila mmoja wao aingize watano, iendelee hivyo raundi 11. Jumla ni 61,035,156, yaani Tanzania nzima ya sensa ya 2022 pamoja na vichanga, imepungua laki saba tu. Na raundi ya mwisho peke yake ina watu 48,828,125, wanne katika kila watano, ambao kila mmoja ametoa hela na nchi nzima haijabaki na watu wa kutosha wa kuingizwa baada yao. Hesabu hiyo inaisha ndani ya kipindi kimoja cha dakika 40, na muda wa maswali unabaki.