Mie nilitaka giza tu jamani

Hivi mtu akitaka kwenda kuangalia picha lazima ufanyike uchaguzi mkuu? Nauliza tu. Klabu yetu ya sinema inaenda muvi kila Alhamisi, lakini hiyo Alhamisi yenyewe inaanza Ijumaa. Ijumaa asubuhi Katibu anatupia kwenye grupu la wasapu majina ya picha tatu, "wapendwa pigeni kura", na amani inatoweka hapohapo. Tuko wanachama 12. Picha ya kwanza kura nne, ya pili nne, ya tatu nne. Tunarudia. Jumapili mtu mmoja anahamisha kura yake, anaulizwa kwa nini, anajibu kwa voisi ya dakika saba, yaani dakika saba, ukiifungua nusu ya kwanza ni kuhema na mlango unalia. Jumatatu wawili wanaleft grupu. Jumanne Katibu anawarudisha kwa kuwabembeleza. Jumatano usiku tunakubaliana kwenda kuangalia picha ambayo hata haikuwemo kwenye zile tatu.

Na mie nilijiunga kwa sababu moja tu, nataka kukaa gizani masaa mawili mtu asiniite. Basi. Nyumbani naitwa, kazini naitwa, nikiwa bafuni ndio naitwa zaidi. Nikaona sinema ndio mahali pekee ambapo watu wazima na akili zao wanalipa hela waambiwe wazime simu na wafunge midomo. Kumbe hiyo ni kwa anayekwenda peke yake. Ukienda na klabu umekwenda na kamati.

Halafu nina cheo. Mie ni Mtunza Viti. Sikugombea, walinichagua siku ambayo sikuwepo, kwa hiyo kama uko kwenye kikundi chochote kile usije ukathubutu kukosa kikao cha kugawa vyeo, hata kama unaumwa nenda ukaumwe hukohuko. Ukumbi tunaoenda ni wa kukaa popote unapopata, kwa hiyo mie nafika nusu saa kabla, nawawekea wenzangu viti 11. Vitu vya kuwekea navitoa wapi? Koti kiti cha kwanza, kofia cha pili, begi cha tatu, mkanda wa suruali cha nne, hapo na suruali naishikilia kwa mkono mmoja. Wiki iliyopita nilifika kiti cha nane nikaishiwa nikavua kiatu. Akaja baba mmoja na familia yake anauliza kwa upole, "Samahani kaka, hapa pana mtu?" Nikamwambia yupo anakuja. Akakitazama kiatu. Akanitazama soksi, na soksi yenyewe siku hiyo kidole gumba kilikuwa kimetoka kuchungulia. Akasema "haya", lakini ile haya ya mtu anayekuombea.

Na watu 12 walioahidi wanakuja saba! Kila wiki saba, wakizidi sana. Kiatu changu kimeangalia picha nyingi kuliko Mwenyekiti, na kimekaa katikati kabisa ya safu.

Sasa taa zinazimwa unasema afadhali. Inaanza trela. Moja, mbili, tano, mtu unajikuta umeshaona mwanzo katikati na mwisho wa picha ambayo haijatoka. Sasa nikwambie kitu kimoja ambacho nakubaliana na Profesa wetu, na sio kawaida yangu kukubaliana naye, anasema zamani vile vipande vya matangazo vilikuwa vinaonyeshwa picha ikishaisha, vinafuata nyuma, ndio maana vikaitwa trela. Si umeona? Hata dereva wa lori anajua trela inakaa nyuma. Nani alikuja akaifunga mbele ya kichwa ndio ningependa anitafute tuongee.

Profesa sio profesa, tumempa wenyewe kwa sababu ya kujua. Huyu bwana anajua vitu na havimkai tumboni. Picha inaanza tu ananiinamia, "Unajua hapo unapoona kitu kinatembea hakuna kinachotembea? Ni picha za mnato, 24 kwa sekunde." Nikapiga hesabu palepale kwa hasira, masaa mawili ni picha 172,800. Na mbele yangu amekaa Mwenyekiti, mtu mrefu, mgongo umenyooka utadhani amemeza fimbo, kwa hiyo kati ya hizo picha 172,800 mie nimeziona labda elfu 40, zilizobaki nimeona kisogo. Kisogo nakijua. Kina mkunjo mmoja wa chini ambao akicheka unakuwa miwili, ndio maana picha za kuchekesha naweza kukusimulia vizuri sana, pale ilipochekesha palikuwa na mikunjo miwili.

Sijakaa sawa Profesa ananiinamia tena. Eti enzi za projekta za mkanda kulikuwa na kifuniko kinazunguka, kinaziba mwanga kila mkanda unaposogea kutoka picha moja kwenda nyingine, ili macho yasiuone unavyovutwa. Kwa hiyo karibu nusu ya muda watu walikuwa wamekaa gizani kabisa na hawajijui. Mwenzenu nilitamani kulia. Nusu nzima ya muda giza, na bado watu wanaita burudani! Nimezaliwa nimechelewa.

Upande wa kushoto sasa nina Dada Uhondo. Huyu picha zote ameshaziona. Zimetoka jana, ameziona juzi, usiniulize wapi. Siku hizi picha zinakwenda kumbini zikiwa faili lililofungwa kwa ufunguo wa kompyuta, ufunguo unafanya kazi ukumbi ule tu na siku zile tu, kabla ya hapo hata mwenye ukumbi hawezi kuifungua. Wameweka ulinzi wote huo, halafu wakamsahau Dada Uhondo. Stelingi anaingia kwenye nyumba, muziki umeshuka, mlango unafunguka taratibu, moyo wangu uko hapa kwenye koo, nasikia sikioni, "Ni yule mjomba." Mjomba gani, bado hatujaonyeshwa mjomba hata mmoja! Robo saa baadaye anatokea mjomba, anatabasamu, anawagawia watoto zawadi, ukumbi mzima unampenda, na mie peke yangu nimeshamchukia. Na hakomi, "huyu usimzoee", "huyu dakika ishirini nyingi", "huyu stelingi atapigwa risasi lakini ya bega". Kweli inapiga bega.

Halafu bisi. Sina ugomvi na bisi, nina ugomvi na Mweka Hazina ambaye anazila pale tu watu wa kwenye picha wanaponong'ona. Mapigano, mabomu, magari yanagongana, katulia kama maji ya mtungini. Mama anakata roho anamwambia mwanawe siri ya baba yake, karacha karacha karacha. Mpaka leo sijui baba wa yule kijana ni nani.

Na huyohuyo ndiye aliyenifanya niwe mtu wa hasira kila nikisikia neno mjadala. Kulikuwa na onyesho maalumu la picha za kale, Profesa akashinda kura kwa mara ya kwanza maishani mwake, tukaenda kuangalia Seven Samurai ya Kurosawa, ya 1954, dakika 207, yaani masaa matatu na nusu kasoro kidogo, nyeusi na nyeupe, Kijapani mwanzo mwisho. Sasa ile picha mapumziko yamo ndani ya picha yenyewe. Yalipofika Mweka Hazina akasimama, akapiga makofi, akasema "kazi nzuri", akachukua begi akaenda zake kulala. Tukajua atarudi. Hakurudi. Vita yenyewe yote, mvua, matope, farasi, ameikosa. Kwenye mjadala wa wiki iliyofuata akawa wa kwanza kunyoosha mkono. Akasema alichokipenda zaidi ni mwisho, kwamba mtengenezaji amekuwa jasiri sana kutoonyesha vita yenyewe, ametuachia watazamaji tujaze wenyewe kichwani. Kimya kikapita. Nikasema sasa leo ataumbuka. Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa, akasema, "Hilo nami limenigusa." Na Mwenyekiti alikaa mpaka mwisho! Nilikuwa nyuma ya kisogo chake!

Mjadala ndio huo. Picha ikiisha huruhusiwi kutoka, kwanza tunakaa majina yaishe, ni sheria ya Katibu, anasema ni heshima kwa waliofanya kazi. Sawa, heshima. Lakini yale majina yanapanda yanapanda, madereva wa kundi la kwanza, madereva wa kundi la pili, wapishi, wahasibu, msaidizi wa msaidizi wa mtu wa nywele, na ukumbi umebaki sisi saba na kiatu changu na kijana wa kufagia amesimama mlangoni ameegemea fagio, ananitazama mie. Kila wiki ananitazama mie. Tukitoka hapo tunakwenda kukaa kwenye duara kuulizana, "Wewe rangi ya bluu imekuambia nini?" Bluu haijaniambia kitu, na ningependa iendelee hivyohivyo. Profesa lazima arudi Paris, tarehe 28 Desemba 1895, ndugu wawili Lumière walivyowaonyesha watazamaji wao wa kwanza waliolipa kiingilio, watu kama 33 hivi, picha fupi 10 na kila moja haifiki dakika moja. Haifiki dakika moja! Mie hapo huwa naona wivu mpaka natoka machozi, Profesa anadhani ni mapenzi ya sanaa.

Basi nikaandaa hoja. Niliiandika vizuri kwenye karatasi, mjadala uwe wa hiari, anayetaka abaki na asiyetaka aende kwake. Nikamkabidhi Katibu. Akaisoma, akavua miwani, akasema ni hoja nzuri ila katiba inasema mabadiliko yanahitaji akidi, na akidi ni watu nane. Nikahesabu. Saba. Wiki iliyofuata saba. Iliyofuata sita, mmoja harusi. Nikaanza kuwapigia watu simu kama mgombea, kaka njoo Alhamisi, dada usiniangushe, wananiambia "nipo njiani" na nasikia kabisa maji ya kuoga. Miezi minne hoja yangu iko mfukoni imekunjwa mpaka imechanika kwenye mikunjo, kwa sababu ili upigie kura ya watu kutolazimishwa kubaki lazima kwanza wabaki watu nane.

Nikafanya maamuzi ya kiume. Jumanne. Sikumwambia mtu, hata nyumbani nilisema naenda kumuona mgonjwa. Nikakata tiketi moja. Moja! Nilivyoingia picha ilikuwa imeshaanza, giza totoro, nikapapasa nikakaa safu ya nyuma kabisa pembeni. Viatu vyote miguuni. Mkanda kiunoni. Nikazima simu, nikashusha pumzi ambayo nilikuwa nimeibana tangu mwaka juzi. Hakuna aliyeniinamia. Picha ilikuwa inahusu nini? Sijui, na sikutaka kujua, kuna mtu alikuwa na farasi. Nililala kidogo, nikaamka, nikamkuta bado ana farasi. Jamani, raha.

Ikaisha. Majina yakaanza kupanda, na mie nikasema leo ndio leo, leo naondoka jina la kwanza tu. Nikasimama. Na mbele huko safu ya tatu akasimama mtu mrefu, mgongo umenyooka, na taa zikawaka, nikaona mkunjo.

Nikaganda. Kulia kwake alisimama mwanamke na mtandio umefunikwa mpaka machoni, Dada Uhondo. Kule ukutani mtu na kikopo cha bisi. Profesa amevaa kofia ameishusha mpaka kwenye miwani, peke yake, safu nzima peke yake. Wawili ambao sijawaona tangu mwaka jana, wale wa maji ya kuoga, kila mmoja na kona yake. Wote tumesimama kwa pamoja, wote tunakimbia majina, na kila mtu anatazama chini kama kadondosha pete. Aliyekuwa karibu zaidi na mlango ni Katibu. Mkono wake ulikuwa umeshashika kitasa.

Akakiachia. Akatugeukia, akaanza kutuhesabu kwa kidole, midomo inatembea, sita, saba. Akanifikia mie kule nyuma.

"Nane," akasema. "Akidi imetimia. Kaeni."

Tukakaa. Palepale, mtu na kiti chake, ukumbi mzima kati yetu. Akatoa daftari kwenye mkoba, kumbe anatembea nalo hata siku za kutoroka. Kijana wa fagio alikuwa mlangoni, akaniona, akaegemea ukuta. Mie mkono umeshaingia mfukoni natoa ile karatasi, vipande vinadondoka, nimeshaanza kunyanyuka nisome hoja yangu, na Mwenyekiti akageuza shingo, mara ya kwanza naiona sura yake ndani ya ukumbi ule, amekasirika kabisa, akaniambia:

"Mtunza Viti, mbona leo hukutuwekea?"