Anajua kemia? Muulize mapovu ni ya nini

Kujua kemia na kujua mtihani wa kemia ni vitu viwili. Nafundisha tuisheni ya jioni hapa Lamu, vijana wa kidato cha tatu na cha nne, na wengi wao ni hodari wa pasti pepa. Mpe swali la elektrolisisi lililowahi kutoka, atakujibu neno kwa neno kama lilivyo kwenye mwongozo wa kusahihisha. Ligeuze kidogo tu, anakutazama kana kwamba umemdhulumu.

Ndiyo maana wanafunzi wangu wapya huanza na swali moja ambalo walimu wa sayansi wengi wanalijua. Sufuria iko motoni na maji yanatokota. Yale mapovu makubwa yanayopanda kutoka chini, ndani yake mna nini?

“Hewa, mwalimu.”

“Hewa gani?”

Kimya. Kisha mmoja, na mara nyingi ni yule anayeongoza darasani kwao, anajibu: “Haidrojeni na oksijeni.”

Jibu hilo si la mjinga. Kasoma kwamba maji ni H₂O, kasoma kwamba joto huvunja vitu, kaunganisha. Lakini ndani ya povu mna mvuke wa maji, basi. Ni molekuli zilezile, yaani chembe zilezile za maji, zimeachana tu. Kuivunja molekuli yenyewe kunataka umeme, au joto la maelfu ya digrii ambalo jiko la makaa halilijui. Na kama kweli haidrojeni na oksijeni zingekuwa zinafuka pale juu ya moto, jikoni zote za Lamu zingelipuka kabla chai haijaiva. Hapo wanacheka, na mimi najua wameelewa. (Aliyesema hewa nampa nusu alama, kwa sababu vile vipovu vidogo vya mwanzo, kabla maji hayajachemka, ni hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani ya maji.)

Swali fupi kama hilo linapima hali za maada, linapima tofauti ya badiliko la kimaumbile na la kikemikali, na zaidi ya yote linaonyesha kama kijana anaiona molekuli akilini mwake au anaiimba tu.

Sina ugomvi na kukariri. Asiyejua elementi ishirini za mwanzo na valensi zake hana la kufanya kwenye kemia, kama vile asiyejua fundo hana la kufanya chomboni. Wala siulaumu mtihani wa KCSE, ule wa kumaliza sekondari, peke yake. Karatasi mbili za nadharia zina alama 80 kila moja, ya tatu ya maabara ina alama 40, na ukizisoma kwa makini utakuta humo maswali ya kufikirisha. Ugomvi wangu ni na sisi tunaowaandaa. Tumefanya maswali ya zamani kuwa ndiyo somo lenyewe, na pwani nzima iliyojaa kemia tunaipita tukienda kufunza.

Chukua chokaa. Kila mwanafunzi wa Kenya anajua kwamba ukipitisha kaboni dioksaidi kwenye maji ya chokaa, maji yanakuwa meupe kama maziwa, na ukizidi kuipitisha weupe unapotea. Wanaliandika hilo huku wamefumba macho. Sasa watoe nje, wasimame mbele ya nyumba yoyote ya Mji wa Kale, mji ulioingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Ukuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa tanuuni. Waulize: lipu ya chokaa inakauka kwa siku chache, mbona inaendelea kuwa ngumu kwa miezi?

Wengi watasema maji bado yanatoka. Mwenye kemia atakumbuka kwamba gramu 100 za kalsiamu kaboneti, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya matumbawe, zikichomwa sawasawa hubaki gramu 56, na 44 zilizopotea ni kaboni dioksaidi iliyopaa. Fundi akiimwagia maji chokaa hiyo iliyochomwa, inafoka, inatoa mvuke, inakuwa kalsiamu haidroksaidi. Ikishapakwa ukutani huanza kuinyonya tena ile gesi kutoka hewani, polepole, mpaka irudi kuwa kalsiamu kaboneti kama ilivyokuwa baharini. Maji yanatoka, ni kweli, lakini gesi inayoingia ni nzito zaidi: kila gramu 74 za chokaa kavu zitakuwa gramu 100 za jiwe. Kwa hiyo ukuta mzima ni lile jaribio la maji ya chokaa.

Na ule weupe unaopotea ukizidisha gesi? Huo uko kisimani. Mvua inachukua kaboni dioksaidi hewani na ardhini, inapita kwenye matumbawe, inayayeyusha kidogokidogo, na maji yanakuwa na kalsiamu. Yachemshe, kalsiamu kaboneti inarudi, ndiyo ule ukoko mweupe ndani ya birika ambao mama anausugua kwa ndimu. Kwa nini ndimu na si sabuni? Hilo nalo ni swali zuri la asidi na kaboneti, na halihitaji maabara.

Kwa maji hayohayo ukifua, sabuni haitoi povu, inafanya utando wa kijivu juu ya beseni. Kalsiamu imeshikana na asidi za mafuta zilizomo ndani ya sabuni, na kitu hicho hakiyeyuki majini. Dada zetu wanakilaani. Sasa nenda Matondoni, wanakounda majahazi. Maji yakipwa chombo kiko mchangani, na mafundi wanakipaka deheni chini: chokaa iliyochanganywa na shahamu, kuzuia wadudu wanaotoboa mbao. Chokaa na mafuta! Sehemu ya shahamu inageuka kuwa sabuni ya kalsiamu, ndugu wa ule utando wa kwenye beseni, na kwa sababu hiyohiyo ya kutoyeyuka inakaa juu ya mbao huku bahari inapita. Kinachoudhi kwenye dobi kinatafutwa kwa hela pwani. Kijana anayeweza kunieleza hivyo viwili kwa pumzi moja, mimi sihitaji kumpa mtihani mwingine wa sabuni.

Swali la misumari ya jahazi nalitumia pia, ingawa hili limo vitabuni: msumari ukiliwa na kutu, uzito unazidi au unapungua? “Unapungua, umeliwa.” Haya, tupige hesabu. Gramu 112 za chuma zikishikana na oksijeni na kugeuka zote kuwa oksaidi ya chuma zinafika gramu 160, na kutu halisi ina maji juu yake, kwa hiyo ni zaidi. Kinachopungua ni kile kipande cha chuma kizima, kwa sababu kutu inabanduka na kuanguka.

Najua wenzangu watasema hakuna muda, silabasi ni ndefu na wazazi wanataka gredi. Wazazi wana haki. Lakini maswali haya yanakula dakika tano mwanzoni mwa kipindi, na kijana aliyeyashika hababaiki swali likigeuzwa, na kwenye mtihani hugeuzwa. Wengine wanategemea mtaala mpya utatutibu. Huenda. Mtihani wa mwisho wa KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi, ulifanywa 2023, kwa hiyo kundi la mwisho la mfumo wa zamani wa 8-4-4 litafanya KCSE 2027, kisha tutaona. Mwalimu aliyezoea kusomesha majibu anaweza kuyasomesha kwenye mtaala wowote.

Kwa sasa nimeshaandaa swali la wiki ijayo, na mzazi yeyote anaweza kumjaribu nalo mwanawe. Kaskazini ya Malindi, kule Gongoni na Marereni, chumvi inavunwa kwa jua. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na sehemu kubwa ni sodiamu kloridi. Katika kazi ya chumvi ya jua, maji hayaachwi yakauke mpaka tone la mwisho. Chumvi ikishatulia, yale maji machungu yaliyobaki yanamwagwa. Kwa nini? Na kwa nini chumvi ya mawe ikikaa jikoni wakati wa masika inalowa, na ile iliyosafishwa vizuri inabaki kavu? Jibu ni moja kwa yote mawili, na haliko kwenye pasti pepa niliyowahi kuiona.