Mnara Usiokaa Katikati

Kila nipitapo Grand-Place, uwanja mkuu wa Brussels, Ubelgiji, sikosi kumsikia mwongoza watalii akisimulia kisa kilekile: kwamba fundi aliyejenga mnara wa jumba la manispaa, alipogundua kuwa haukukaa katikati ya jengo, alipanda hadi kileleni akajitupa chini. Wageni huguna kwa huruma, kisha hupiga picha. Kisa hicho kinanikera, kwa sababu kinamsingizia mtu kosa ambalo si lake.

Ni kweli kwamba, ukilitazama jengo kutoka uwanjani, upande wa kushoto ni mrefu kuliko wa kulia, na hata lango lililo chini ya mnara limesogea pembeni. Lakini jumba hili halikubuniwa lote kwa pamoja. Upande wa kushoto ulianza kujengwa mwaka 1402; ule wa kulia ukafuata mwaka 1444, ukawa mfupi kwa kuwa ulibanwa na mtaa; na Jan van Ruysbroek aliposimamisha mnara, kuanzia 1449 hadi 1455, alizikuta pande hizo zimekwisha kutofautiana. Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Mnara wake unaanza na umbo la mraba, kisha unageuka kuwa wa pembe nane, nao umetobolewa matao na madirisha mengi kiasi kwamba jiwe linaonekana kama limesukwa, mpaka juu kabisa, mita 96 kutoka ardhini, ambako Malaika Mikaeli amemkanyaga shetani. Jicho likishapanda huko, nani tena anahesabu madirisha ya kushoto na kulia?

Mwaka 1695 majeshi ya Ufaransa yaliupiga mji mizinga, uwanja ukateketea, na jumba lenyewe likaungua ndani. Kuta na mnara vikabaki vimesimama. Nyumba za vyama vya mafundi zinazolizunguka leo, pamoja na dhahabu zao zote, nyingi ni za baada ya moto huo.

Nikipata mgeni, humpeleka kwanza upande ule mfupi, kwenye nguzo ambayo kichwa chake kimechongwa watu wanaorundika viti kwa sepetu. Ni fumbo la jina: nyumba iliyobomolewa kupisha ujenzi iliitwa, kwa Kiholanzi, Scupstoel, na waashi wakaligawa neno hilo kuwa sepetu na kiti.