Gari haina sailensi na mimi sina hela

Jamani naomba niseme kabla sijapasuka. Nina kagari kangu ka 4WD, ka mwaka 1997, petroli, injini ya cc 2000, otomatiki, ile yenye tairi la spea mgongoni kama mama kabeba mtoto, nyie mnaijua tu. Aliyeniuzia aliniambia bosi hii injini ya zamani hii, haifi. Na kweli haijafa, simsingizii. Ila toka mwezi wa tatu haijatulia.

Tatizo sailensi. Mafundi wetu ule muungurumo wa gari ikiwa imesimama hujakanyaga mafuta wanauita sailensi, sijui nani aliwaambia, ila mtu huyo hajawahi kupanda gari yangu. Mshale wa mizunguko ya injini pale kwenye dashibodi unatakiwa injini ikishapata moto ukae kwenye 700 au 800 hapo, utulie kama mzee yuko kibarazani. Wa kwangu unapanda mpaka 1,800, unashuka 900, unapanda tena, vuuuum, vum, vuuuum, vum, mchana kutwa. Watu wanajua nawaringishia. Kuna dada wa chipsi pale kituoni kanifuata kabisa dirishani, "kaka si uondoke tu, gari tumeshaiona." Nikafungua mlango nikatoa mguu wa kulia nje, nikamwambia dada angalia, mguu huu hapa, mi sijakanyaga kitu. Akaniangalia mguu, akaangalia gari, akarudi kwenye karai lake bila kusema neno.

Na hapo ni ikiwa P, gia ya kuegesha. Ukitia D, ya kwenda mbele, ndo sinema inaanza. Naishi Kimara, hapa Dar, kibarua Posta mjini, kwa hiyo nusu ya uhai wangu uko Morogoro Road nimekaa kwenye foleni, basi za mwendokasi zinapita katikati kwenye njia yao hata hazikuangalii. Mshale ukipanda gari inataka kumbusu wa mbele, nakanyaga breki kwa nguvu zote, na breki zenyewe siku hizo zilikuwa zimekuwa ngumu, nikajua pedi zimeisha, nikanunua pedi, ngumu vilevile, nikasema labda mguu wangu ndo umezeeka. Mshale ukishuka sasa, gari inatetemeka mpaka kioo cha kati kinainama, taa zinafifia, puu, imezima. Chini ya daraja la Ubungo. Saa moja na nusu asubuhi. Honi nilizopigiwa pale ningekuwa nalipwa mia mia kwa kila moja ningeshanunua injini nyingine.

Ikabidi nijifunze ujanja, breki naikanyaga kwa mguu wa kushoto, wa kulia unachezea mafuta, mkono uko kwenye funguo, sikio liko kwenye boneti. Ikinyamaza tu, natupia gia N, ya huru, nazungusha. Hata sifikirii. Mama watoto anasema usiku nikilala naye akinyamaza kidogo mkono wangu unazunguka.

Fundi wa kwanza, wa chini ya mwembe hapa mtaani, hakufungua hata boneti, alisikiliza kwa mbali huku anakula muwa akasema plagi hizo. Plagi 4, filta ya mafuta, filta ya hewa, na hela yake, jumla 140,000. Gari ikaendelea kuimba, ila sasa inaimba na plagi mpya.

Wa pili ni kijana wa mashine. Hawa wa mashine mimi nawaogopa kuliko mganga, maana mganga angalau anakuuliza mama yako anaitwa nani. Alikuja na kidude kama simu chenye waya, cha kupimia gari, akapiga magoti chini ya usukani akawa anatafuta pa kuchomeka, anatafuta, anapapasa, dakika ishirini anapapasa, hakuna. Mi sasa najua kwa nini. Ile soketi ya kupimia ya aina moja kwa magari yote Marekani ndo waliilazimisha toka 1996, hii yangu ilitengenezwa iuzwe hukohuko Japani, wala hakuna aliyemlazimisha mtu. Kwenye gari kama hii unafungua kile kiboksi cheusi pale kwenye injini, unaunganisha matundu mawili kwa kipande cha waya, unawasha swichi, unakaa unahesabu taa ya cheki injini inavyokonyeza. Kijana yeye hajui kukonyezwa. Akasimama, akajikung'uta magoti, akasema, "Mzee, mashine haisomi, maana yake kontrolo boksi, ile kompyuta ya injini, imekufa." Laki 6. Na 30,000 ya kupapasa.

Nikasema haiwezekani, bora niue mwenyewe. Ijumaa nikakaa na simu usiku mzima naangalia mafundi wa kizungu, Jumamosi asubuhi nikavaa bukta ya kazi, nikanunua kopo la kabureta klina, nikawaambia watoto leo baba fundi.

Nikafungua ule mpira mkubwa wa hewa, ndani kwenye troto, ule mlango wa hewa ya injini, kuna masizi meusi kama sufuria la msibani. Nikapata moyo, nikajua adui huyu hapa. Nikapulizia, nikasugua na mswaki, masizi yakatoka, raha sana. Chini yake kuna ile valvu inayopitisha hewa ya sailensi wakati troto imefungwa, hiyo nayo ikinasa kwa masizi inaleta hizihizi drama, kwa hiyo hata wewe ukianzia hapo hujakosea. Ila hakuna aliyeniambia kwamba kwenye gari yangu mipira miwili ya maji ya rejeta inapita humohumo. Nikachomoa. Maji ya kijani yakanimwagikia mpaka kwenye bukta. Nikarudishia, nikaongeza maji ya bombani ndoo nusu bila kutoa hewa, nikawasha, na jamani, ilikuwa vuuuum, vum, sasa ikawa vuuuum vuuuum vuuuum vum. Kumbe hewa ikinasa kwenye njia za maji, sensa ya joto inapimishwa hewa badala ya maji, boksi inadhani injini bado baridi na inazidisha mafuta. Yaani nilichoma Jumamosi nzima kuongeza ugonjwa wa pili.

Na hiyo sensa ya joto nayo nikainunua, kwenye maduka ya spea mtaa wa Gerezani, 45,000. Nikafika nyumbani nikaifunga, hakuna kilichobadilika. Fundi umeme wa jirani akacheka mpaka akakaa chini. Ziko mbili! Yenye waya mmoja inapeleka habari kwenye geji ya dashibodi, yenye waya mbili ndo inaongea na kontrolo boksi, na mi nilikuwa nimebadili ya geji. Akaipima ile ya waya mbili kwa mita, injini ikiwa baridi ilisoma omu 2,000 na kitu, ikishapata moto ikashuka karibu na 300, akasema hii nzima kabisa shemeji, ungeniita mapema ningekuokolea hela. Hawa watu wa ungeniita mapema mtaani kwetu wamejaa sana.

Kabla sijakata tamaa kabisa nikaona skrubu pembeni ya troto, ina rangirangi juu yake. Nikasema hii ndo ya kupunguzia. Nikazungusha. Kidogo. Halafu kidogo tena. Sitaki kuizungumzia sana hiyo skrubu.

Jumapili iliyofuata nikapelekwa kwa mzee mmoja Tandika, gereji yake haina hata kibao, ina benchi, redio na kuku. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia, anaangalia gari. Hakushika spana. Akaokota kipande cha mpira, urefu kama mkono, akatia ncha moja sikioni, ncha nyingine akawa anaipitisha taratibu kwenye kila mpira wa injini, moja, moja, kama daktari na mgongo wa mtoto. Alivyofika nyuma ya manifoldi, lile bomba linalogawia injini hewa, akasimama. Akaniita. Nikatega sikio kwenye ule mpira. Ssssssss. Kama nyoka yuko kwenye gunia.

Akachukua koleo, akaubana ule mpira mnene palepale unapotokea kwenye manifoldi, na mshale ukashuka ukakaa. Yaani ukakaa. Akaachia, vuuuum, vum. Akabana, kimya. Alirudia mara tatu, mara ya tatu nadhani ilikuwa ya kunitesa tu.

Ule ni mpira wa hidrovaki ya breki, unaovuta upepo wa injini ili breki ziwe laini. Ulikuwa umepasuka kwa chini, mahali ambapo jicho halifiki, kapasuko kadogo hata kucha haiingii. Ndo maana breki ngumu. Miezi mitatu nakanyaga ushahidi kwa mguu wangu mwenyewe halafu naenda kununua pedi.

Nikamuuliza sasa mzee mbona inapanda na kushuka, kwa nini isipande tu ikatulia hukohuko? Akasema, "Umeshapanda daladala Mbagala jioni?" Nikamwambia nimepanda. "Mlango umefungwa, watu wanaingia dirishani. Konda anaona gari limejaa, anagonga bodi, twende! Dereva anachoma mafuta. Gari yako hivyohivyo, hewa inaingia kwenye kapasuko, boksi inaona hewa nyingi, inamwaga petroli, mshale unapanda. Ukifika juu boksi inashtuka, mbona mguu haujakanyaga? Basi huyu yuko kwenye mteremko, mkatie mafuta. Inakata. Mshale unaanguka, boksi inaogopa isizime, inarudisha. Ndo hivo mpaka petroli iishe." Miaka yangu yote sijawahi kuelewa gari namna ile. Nililipa 30,000 kwa kijana anipapasie sakafu, wakati maelezo yote yalikuwa Mbagala.

Akakata ile ncha mbovu kama inchi mbili, mpira ukabaki unafika bado, akaingiza tena, akakaza na klipu. Dakika kumi. Akawasha. Sasa hapo akakunja uso, maana sailensi ilitulia kweli, ila ikatulia 1,500. Akachungulia kwenye troto.

"Nani kachokonoa hii skrubu?"

Nikanyamaza.

"Hii skrubu kiwandani wanaiwekea rangi ili mtu asiiguse. Hii si ya kurekebishia sailensi. Nani huyu mpumbavu?"

Nikasema, mafundi wa siku hizi mzee wangu, we acha tu. Akasema vijana wameharibu kazi. Nikasema wameharibu kabisa mzee, hawana hata aibu. Akasema mtu kama huyu hafai hata kukaza nati ya baiskeli. Nikasema hafai mzee, hafai. Tukawa tunamlaani pamoja vizuri tu, hadi mwanangu wa miaka saba, niliyemchukua kwa mapenzi yangu mwenyewe na kumnunulia soda, akatoa mrija mdomoni akasema, "Si wewe baba, siku ile ulivyochukua mswaki wangu."

Yule mzee hakucheka. Ingekuwa afadhali angecheka. Alirudisha skrubu, akatoa hewa kwenye rejeta, akaniambia 15,000, halafu akampa mwanangu andazi.

Basi. Wiki ya pili leo, mshale uko 750, nikiwasha kiyoyozi unapanda kidogo unatulia, breki laini kama siagi. Raha tupu. Jana jioni narudi, Ubungo imefunga, nimesimama kwenye taa, gia iko N, madirisha wazi. Nikasikia kimya. Kimya kabisa. Moyo ukaruka, mkono ukazunguka wenyewe, krrrrrrrrrrr! Chuma kwa chuma, abiria wote wa daladala ya pembeni wakageuka. Bodaboda aliyekuwa karibu na dirisha langu akainama akaniangalia kwa huruma.

"Mzee, imewaka hiyo."