Kihisi cha bei ndogo hakistahili lawama zote

Miongoni mwa wahandisi wanaounda droni na roboti kuna ubishi usiokwisha: je, inafaa kununua kihisi mwendo kimoja cha gharama kubwa, au kuchukua viwili vitatu vya bei ndogo na kuunganisha vipimo vyake kwa hesabu? Wa kundi la kwanza huonekana waangalifu. Wa pili hushukiwa kwamba wanaufunika ubovu kwa fomyula. Shuku hiyo ina msingi, ila naona imezidishwa.

Akselerometa hupima mchapuko, yaani jinsi kasi inavyobadilika, lakini haiwezi kutenganisha mchapuko wa chombo na uvutano wa dunia. Hata ikilazwa mezani bila kuguswa husoma mita 9.8 kwa sekunde mraba. Ili mwendo halisi ubaki, uvutano lazima utolewe, na hauwezi kutolewa bila kujua chombo kimeinama kiasi gani. Ukiukosea mwinamo kwa nyuzi 1 tu, unabaki na mchapuko wa uongo wa takriban mita 0.17 kwa sekunde mraba. Kwa kuwa umbali hupatikana kwa kuujumlisha mchapuko mara mbili, kosa hukua kwa mraba wa muda: baada ya sekunde 10 chombo ambacho hakijasogea kitahesabiwa kuwa mita 8 na nusu kutoka kilipo, na baada ya dakika 1 kitakuwa kimevuka mita 300, karibu urefu wa viwanja vitatu vya mpira, ilhali bado kiko palepale mezani.

Hapo ndipo kihisi rahisi hulaumiwa. Hebu basi tuchukue kilicho bora mara 100. Baada ya dakika 1 kitakuwa kimekosea mita 3, jambo la kusifika. Baada ya dakika 10 kitakuwa kimefika kwenye mita zilezile 300. Fedha zote hizo zimenunua dakika tisa.

Dawa ni kihisi cha pili chenye udhaifu tofauti. Jairoskopu hupima kasi ya mzunguko. Kwa muda mfupi ni tulivu na sahihi, ila mwinamo inaoutoa huhama polepole. Akselerometa huyumba kwa kila mtikisiko, lakini ukiipa muda inajua chini ni wapi. Hesabu ya kuviunganisha huitwa kichujio. Kilicho rahisi kabisa, kinachoandikwa kwa mstari mmoja wa programu, huchukua mathalani asilimia 98 kwa jairoskopu na 2 kwa akselerometa. Kile alichokichapisha mhandisi Rudolf Kálmán mwaka 1960 hukadiria upya, katika kila hatua, kipimo kipi kiaminiwe zaidi, nacho kilitumika katika uongozaji wa vyombo vya Apollo vya safari za mwezini, ambavyo navyo havikuwa na kihisi kisichokosea.

Wapinzani wana hoja moja nzito: vihisi vinavyokosea pamoja haviwezi kusahihishana, na vilivyobanwa kwenye ubao mmoja karibu na mota hutikisika na kupata joto pamoja. Hata viwili vya aina moja havitoshi. Ndege ya Boeing 737 MAX ilikuwa na vihisi viwili vya pembe kati ya bawa na upepo unaolijia, lakini mfumo wa kuishusha pua ulisikiliza kimoja tu kwa wakati. Ndege ya aina hiyo ya shirika la Ethiopian iliyokuwa ikielekea Nairobi ilianguka tarehe 10 Machi 2019 na watu 157 wakafa. Marekebisho yaliyofuata huvilinganisha vyote viwili, na vikitofautiana kwa nyuzi 5.5 au zaidi mfumo hunyamaza, kwa sababu hauna namna ya kujua kipi kimekosea.

Tena kuna mzunguko mmoja ambao akselerometa haiusaidii kabisa. Ukikigeuza chombo mezani kama sahani, uvutano haubadiliki, hivyo haina la kusema. Hubaki magnetometa, yaani dira ya kielektroniki, na yangu huihamisha kaskazini mara tu ninaposogeza bisibisi karibu na ubao. Kwa mzunguko huo, ningelipia jairoskopu ghali bila kubishana.